Kikomo cha Mwendo ni Siri ya Serikali

Najua nimepotea. Niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhamisha hifadhidata bila kuzima seva, na bado nitaiandika, lakini si leo. Leo nina hasira, na mnanijua, nikiwa na hasira siwezi kuandika kuhusu kompyuta peke yake. Waliokuja kutafuta msimbo wanisamehe, warudi wiki ijayo.

Mdogo wangu alipata leseni ya udereva mwaka jana. Wiki ya tatu baada ya kuipata akaazima gari la mjomba ili ampeleke mama kwenye mazishi upande wa Nakuru. Kati ya Naivasha na Nakuru kuna senta moja ndogo ambayo sitaitaja. Maduka kumi na matano hivi, kinyozi, bucha, akina mama wa viazi kando ya lami. Mnazijua senta kama hizi, ukipiga chafya umeshaipita. Mdogo wangu aliingia pale akiwa kwenye 80. Mzee mmoja akavuka na baiskeli yake iliyobeba mitungi ya maziwa. Breki zikakanyagwa, gari likaserereka, likampiga Mzee ubavuni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Maziwa yakatapakaa barabara nzima. Mama alikuwa kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo hajapanda gari analoendesha mwanawe.

Askari walipofika, swali la kwanza lilikuwa: "Kijana, hukujua hapa ni 50?"

Hakujua. Na kabla hamjaniandikia kwamba namtetea ndugu yangu kwa sababu tumezaliwa tumbo moja, niseme hivi: alikosea. Mtu mwenye akili timamu akiona maduka na watu kando ya barabara hupunguza mwendo, kibao kiwepo kisiwepo. Nimemwambia hivyo usoni, na baba amemwambia kwa maneno makali kuliko yangu. Lakini mimi ni mtu wa programu. Katika kazi yangu, mtumiaji mmoja akibonyeza kitufe kisichofaa, hilo ni kosa lake. Watumiaji elfu wakibonyeza kitufe hicho hicho, kosa ni la aliyechora skrini, na bosi hataki kusikia kwamba wateja ni wajinga.

Basi Jumamosi mbili baadaye tulirudi pale, mimi na yeye, kumwona Mzee nyumbani kwake na kupeleka kitu kidogo cha kumsaidia (hapa namaanisha unga na sukari, si ile maana nyingine). Halafu tukatembea kwa miguu hadi mwanzo wa senta kutafuta kibao cha 50. Tulikuta nguzo. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kama kimo cha goti, na ndani yake majani yameanza kuota. Mjukuu wa Mzee alitucheka. Akasema kibao kiliondoka zamani, watu wa vyuma chakavu walikuja usiku, na tangu hapo hakuna aliyekuja kukirudisha. Upande wa pili, kwa magari yanayotoka Nakuru, hakukuwa hata na nguzo.

Wizi wa vyuma vya barabarani si habari mpya. Januari 2022 serikali yenyewe ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya minara ya umeme kuangushwa, kisha marufuku hayo yakaondolewa Mei mwaka huo huo. Kwa hiyo hakuna mkubwa anayeweza kusema hakujua kwamba chuma cha umma kina soko. Ninachouliza ni kwa nini dereva anatakiwa kujua kilichokuwa kimeandikwa kwenye chuma ambacho kilishayeyushwa.

Nilipofika nyumbani nilifungua sheria. Sura ya 403, Sheria ya Trafiki, kifungu cha 42. Kinasema ndani ya senta, mji au jiji, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Sehemu hiyo watu wa trafiki wanaijua kama sala. Sehemu ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kando ya barabara ni ile inayowapa wenye barabara wajibu: waweke na kutunza alama zinazomwonyesha dereva waziwazi, anapoingia na anapotoka, pale kizuizi kinapoanzia na pale kinapoishia. Kuweka na kutunza. Bunge halikusema kuweka peke yake. Waliotunga kifungu hicho walielewa kwamba mipaka ya senta haionekani kwa macho, hasa huku kwetu ambako senta hukua kila mwaka kwa kibanda kimoja kuelekea pande zote mbili.

Sasa nikawa na hamu. Nikaingia mtandaoni kutafuta orodha. Kazi ndogo tu: barabara fulani, kuanzia mahali fulani hadi mahali fulani, kikomo ni kiasi fulani, tangu tarehe fulani. Faili moja. Hata ya Excel ningeridhika, hata picha ya karatasi iliyopigwa mhuri. Nilikaa usiku mzima kwenye tovuti za serikali na sikuipata. Nilipata matangazo ya zabuni, nikapata picha za wakubwa wakikata utepe. Nilichopata cha maana ni kanuni za jumla: gari dogo la binafsi 110 kwenye barabara kuu ya njia mbili mbili, 100 kwenye ile ya njia moja, matatu na malori 80, na 50 mjini. Vizuri sana. Lakini "mjini" ni wapi? Kuanzia kibanda kipi?

Kesho yake ofisini nikauliza wenzangu sita, wote wana magari na wote hupitia Thika Road kila siku: kikomo pale Roysambu ni ngapi? Nikapata majibu manne tofauti, na wawili wakaanza kubishana kwa sauti hadi meneja akatoka kuangalia kuna nini. Hawa ni watu wenye digrii. Barabara yenyewe ilifunguliwa Novemba 2012, imetosha kuanza sekondari. Zamani watu walikuwa na utani kwamba serikali ni "siri kali". Nilidhani utani huo umezeeka. Kumbe bado una kazi.

Na hapa ndipo ninapokasirika kabisa. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizochapishwa mwaka wa 2016 ziliweka faini za papo kwa hapo. Ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5, onyo. Kwa 6 hadi 10, shilingi 500. Kwa 11 hadi 15, shilingi 3,000. Kwa 16 hadi 20, shilingi 10,000. Mimi kama mtu wa kompyuta nililipenda jedwali hilo. Halina utata, ungeweza kuliandikia programu kwa dakika kumi. Tofauti ya kilomita moja, kutoka 15 kwenda 16, inakugharimu shilingi 7,000. Basi tazameni usahihi ulipokaa. Upande wa kutoza umepimwa hadi kilomita moja. Upande wa kuarifu ni nguzo iliyokatwa kwa msumeno. Mfumo unaojua kukutoza kwa usahihi kuliko unavyojua kukueleza haukubuniwa ili uende polepole.

Msiniambie hakuna uwezo. Nendeni Expressway ya Nairobi, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Kikomo ni 80 na kila dereva ninayemjua anayeipita anakijua. Vibao vipo, vinasomeka, hakuna aliyevikata. Pale juu hakuna mtembea kwa miguu hata mmoja wa kugongwa, na unalipia kupanda. Chini yake, kwenye Mombasa Road, ndiko watu wanakovuka wakikimbia na mizigo kichwani.

Mtauliza hii senta ina uhusiano gani na leseni. Uhusiano ni mkubwa.

Mimi nilijifunza kuendesha mwaka wa 2018, katika shule moja ya udereva hapa Nairobi ambayo nayo sitaitaja, kwa sababu zote nilizosikia habari zake zinafanana. Gari dogo kuukuu lenye breki mbili na vibao vya L mbele na nyuma. Wanafunzi wanne ndani, mmoja kwenye usukani, watatu nyuma wakisubiri zamu kama abiria wa matatu. Somo langu lilikuwa la nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo mwalimu alikuwa na shughuli zake: siku moja tulipitia kwa fundi viatu, siku nyingine tulimchukua mtoto wake shuleni. Alikuwa mtu mwema, sina ugomvi naye, alilipwa kwa idadi ya vichwa. Gia ya nne niliigusa siku mbili. Gia ya tano niliijua kwa kuiona imechorwa juu ya kile kirungu. Sikuwahi kuendesha usiku. Sikuwahi kuendesha kwenye mvua. Sikuwahi kutoka mjini. Zaidi ya yote, sikuwahi kuambiwa nitazame kipima mwendo, na ninakumbuka kwa nini: kwenye gari letu mshale wake ulikuwa umekufa, umelala kwenye sifuri.

Muda mwingi tuliutumia kwenye ubao. Mkenya yeyote aliyepitia shule ya udereva anaujua ubao wa model town. Ni meza iliyochorwa mji: barabara, mzunguko, reli, maegesho, kivuko cha zebra, na vigari vya kuchezea vya plastiki. Unashika kigari kwa vidole viwili unakipitisha huku ukikariri: natazama kioo, naonyesha ishara, natazama tena kioo, nahamia njia ya kulia. Ukikisukuma upande usiofaa umeanguka. Siku ya mtihani niliukariri ule ubao vizuri sana, nilipita kwa kishindo. Kisha tukaingia garini mmoja baada ya mwingine. Mtahini akaniambia nitie gia, nitoke, nikate kona, nisimame. Labda mita mia tatu. Sidhani nilifika 30. Akaandika kitu kwenye karatasi, akasema mwingine aingie.

Mdogo wangu alifanya yale yale miaka kadhaa baadaye. Nilimuuliza anielezee mtihani wake, nikawa namalizia sentensi zake.

Kigari cha plastiki hakina mwendo, jamani. Unaweza kukipitisha kwenye zebra kwa 5 au kwa 150, mtahini hawezi kujua, kwa sababu ni vidole. Ubao unapima kama unajua kulia na kushoto. Haupimi jambo moja ambalo ndilo linaloua. Kisha baada ya kumpitisha mtu kwenye mtihani usio na mwendo ndani yake, unampa kadi, na kuanzia siku hiyo hiyo anaruhusiwa kwenda 100 kwenye barabara ya njia moja, usiku, akiwa amembeba mama yake. Kwetu sisi wa programu hii ni kama kujaribu mfumo wa benki kwa mtumiaji mmoja, kisha kuufungulia nchi nzima siku ya mishahara.

Mwendo wenyewe ni hesabu ya kidato cha tatu, lakini sijawahi kukutana na dereva aliyefundishwa hesabu hiyo shuleni kwao, basi niifanye hapa. Chukueni dereva macho, anayechukua sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Barabara kavu, breki nzuri, gari linapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Akiwa kwenye 30, anasimama ndani ya mita 13. Akiwa kwenye 50, mita 28. Akiwa kwenye 80, mita 57 na zaidi.

Sasa wekeni Mzee na baiskeli yake mita 28 mbele. Aliye kwenye 50 anasimama akiwa amekaribia kumgusa. Aliye kwenye 80 anafika pale pale kwa mwendo gani? Watu wengi niliowauliza walisema 30, kwa sababu wanatoa 50 kwenye 80. Wapi! Mita 22 za kwanza zimeliwa na ile sekunde moja ya kushtuka. Zimebaki kama 6 za breki. Anampiga Mzee akiwa bado kwenye 73. Nilimfanyia mdogo wangu hesabu hii mezani, kwa kalamu, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa nini hakuna aliyenionyesha hii?" Alibahatika kwamba Mzee alikuwa mbali zaidi ya mita 28. Walibahatika wote wawili.

Wengine hawabahatiki. Takwimu za NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012 ishughulikie mambo haya haya, zinaonyesha watu zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka. Mwaka wa 2024 walikuwa 4,748. Kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu, watu ambao hawana leseni, hawajakaa kwenye meza ya model town, na hawajaulizwa chochote.

Najua jibu litakalotoka. Tumefanya mageuzi! Na kweli kuna mabadiliko, nisiwe mchoyo. Mwaka wa 2014 ulikuja mfumo wa TIMS, tukaacha kupanga foleni na kitabu chekundu cha leseni. Kuanzia 2017 tukapewa leseni mpya, kadi yenye chipu. Mwaka wa 2023 huduma zikahamia kwenye eCitizen. Sina ubaya na chipu, mimi nakula kwa sababu ya chipu. Lakini angalieni kilichoingia kwenye kompyuta na kilichobaki nje. Kulipia kumeingia, kuomba tarehe ya mtihani kumeingia, kufanya upya leseni kumeingia. Saa ulizoendesha hazikuingia. Mahali ulipoendesha hapakuingia. Hakuna sehemu kwenye fomu ya kuuliza kama huyu mtu amewahi hata kuona lami usiku. Tumeboresha kadi, tukaacha mtihani wa kuipata ulivyokuwa.

Kule jimbo la New South Wales, Australia, mwanafunzi wa udereva aliye chini ya miaka 25 lazima aandikishe saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi, na kati ya hizo 20 ziwe za usiku. Wakati wote huo haruhusiwi kuzidi kilomita 90 kwa saa, hata pale ambapo wengine wanaenda 110. Akipita, anabandika herufi P nyekundu na bado anabaki kwenye 90 kwa angalau mwaka mzima. Baadaye P ya kijani, 100. Yaani leseni na mwendo vimefungwa pamoja: unapoonyesha uwezo, kikomo chako kinapanda. Kwetu leseni ni ofisi moja, bunduki ya kupima mwendo ni ya polisi, na kibao ni cha mwenye barabara, ambaye anaweza kuwa KeNHA, au KURA, au KeRRA, au kaunti mojawapo kati ya 47. Kila mmoja ana nembo, magari na mkurugenzi. Mifumo mitatu isiyozungumza, na kijana wa miaka 22 ndiye anayetakiwa kuiunganisha kichwani akiwa kwenye gia ya tano aliyoianza juzi.

Rafiki yangu mmoja aliposoma rasimu ya makala hii aliniambia acha ndoto, Kenya si Australia, nani ana gari la kufanyia mazoezi saa 120? Hapo ana haki, na sitajifanya sikumsikia. Nyumba nyingi hazina gari. Saa 120 kwa bei za shule zetu ni karo ya muhula mzima, na tukiziweka kwenye sheria kesho, keshokutwa kutakuwa na mtu kando ya ofisi anayeuza vitabu vilivyojazwa tayari, pamoja na mihuri. Basi si 120. Semeni 30, lakini za kweli. Ziwemo za usiku, iwemo safari moja ya nje ya mji inayopita kwenye senta tatu, na mwanafunzi azitaje senta hizo na mwendo aliopita nao. Simu iliyo mfukoni mwa mwalimu tayari inajua ilikuwa wapi na ilienda kasi gani. Programu ya kuandika hayo si kazi kubwa. Najua kwa sababu nimewahi kulipwa kuandika moja ya kufuatilia malori ya mikate. Mikate ya nchi hii inafuatiliwa kilomita kwa kilomita, ila mwanafunzi wa udereva hapana.

Mwingine akasema unapoteza wakati na wenye magari madogo, shida ni matatu na boda boda. Huyu simkubalii, ingawa nami nimekanyagiwa miguu na makanga kama nyinyi. Kumbukeni sheria za Michuki, Februari 2004. Marehemu John Michuki alisema matatu ziwe na vidhibiti mwendo vya 80, mikanda, mstari wa njano, abiria 14 na si zaidi. Mimi nilikuwa mtoto, na hata mimi nilizijua. Bibi yangu ambaye hakwenda shule alizijua, na aliwahi kushuka kwenye matatu akimwambia makanga kwamba huyo wa kumi na tano hakai. Zilifanya kazi wakati ule si kwa sababu tu Michuki alikuwa mkali. Zilifanya kazi kwa sababu kila mtu ndani ya gari alijua kanuni ni nini, dereva, abiria na askari. Huwezi kumlaghai abiria aliye na kanuni kichwani. Vidhibiti vilikuja kuchezewa na mafundi baadaye, hilo ni kweli. Lakini angalau tulijua kinachochezewa ni 80.

Leo abiria wa matatu anayepita ile senta hawezi hata kumwambia dereva "hapa ni 50", kwa sababu naye hajui.

Na msiniambie kuhusu matuta. Tuta ni kibao cha mwendo kilichoandikwa kwa lami na mtu aliyechoka kuandika. Halipakwi rangi, halitangazwi, unalijua shingo ikishavunjika. Wanakijiji wanadai matuta kwa sababu ndiyo alama pekee ambayo haiwezi kubebwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Siwalaumu hata kidogo, ningekuwa mkazi wa ile senta ningelichimba mwenyewe.

Ninachotaka hakihitaji tume wala ziara ya mafunzo Singapore. Chapisheni orodha ya vikomo, kila barabara na kila senta, yenye alama za ramani, bure, mtu yeyote aipakue. Wenye programu za ramani wataiingiza siku hiyo hiyo na simu itamwambia dereva anapoingia 50. Kibao kikiibiwa, orodha inabaki. Halafu pale ambapo kibao hakipo na orodha haipo, faini isiwepo, ili mwenye barabara na mwenye bunduki wagombane wenyewe kwa wenyewe hadi kibao kirudi. Nawahakikishia kitarudi haraka. Na ule ubao wa plastiki upelekwe kwenye jumba la makumbusho, karibu na zile simu za sarafu, na mtihani ufanyiwe barabarani, kwa kipima mwendo kinachofanya kazi.

Nikisema "isiwepo faini" simaanishi mdogo wangu asishtakiwe. Kumgonga mtu si sawa na kuzidisha mwendo mahali patupu, na Mzee anastahili haki yake yote. Nimeulizwa na ndugu wengine kwa nini naandika mambo haya hadharani wakati kesi iko mahakamani. Nimeyaandika bila majina. Hakimu ataamua ya kwake.

Kwa sasa mimi na mdogo wangu tumeanza kazi yetu ndogo. Jumamosi tunatoka, yeye anaendesha, mimi nakaa kando na simu. Kila tunapoona kibao cha mwendo nakiweka kwenye OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaweza kuandika kikomo cha barabara. Kila tunapoona nguzo tupu tunasimama na kuipiga picha. Anaendesha polepole siku hizi, polepole hata kupita kiasi, malori yanatupigia honi. Nguzo tupu ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Mzee bado anatembelea magongo. Maziwa siku hizi yanapelekwa na mjukuu wake, na anavuka pale pale.